Mume wa Kiti cha Mbele

Jumamosi wageni wanne walitupigia fidla katika ukumbi wa shule hapa Palma, na muda mwingi nilimwonea wivu mwanamke wa kiti cha mbele. Mtoto wake alipoanza kulia, mumewe, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Maputo, alimchukua kimyakimya akatoka naye. Mke akafumba macho, akaendelea kusikiliza.

Wa kwangu naye akaanza. Mume wangu akanigusa kwa kiwiko. "Mama watoto, humsikii huyo? Unatuaibisha."

Nikambeba mtoto, nikatoka. Mwalimu alikuwa barazani akimbembeleza mwanawe begani. Akaninyooshea mkono uliobaki.

"Dada, nipe na huyo. Rudi ukasikilize."

Niliporudi kukaa, mume wangu akanong'ona, "Mtoto yuko wapi?"

"Nje, kwa mwalimu. Kawabeba wawili."

Akatazama huku na huku kuona nani kasikia, kisha akatoka mbio, nusura aangushe kiti.

Kwa hiyo wimbo wa mwisho niliusikia wote, na ulikuwa mtamu. Lakini wivu haujaniisha. Mume wa yule mwenzangu aliinuka bila kusubiri aibu.