Vidonge Kofiani mwa Verlon Stidham

Verlon Stidham hakumwamini mtu anayekutabasamia kabla hajasikia shida yako. Alirudi hivyo kutoka vita vya Vietnam, na uzee wake wote huko Arkansas, Marekani, katika mji ambao watu wanajuana hadi kwa majina ya mbwa wao, haukumponya. Basi serikali ilipomwita akapimwe presha, ili iamuliwe kama ugonjwa wake ulitokana na ile sumu ya kuua majani ambayo jeshi lao lenyewe liliwanyunyizia msituni, yeye alinusa mtego.

Alichotaka ni kimoja tu: wakiri. Miaka nenda miaka rudi madaktari walimwambia ni nyama ya nguruwe ya chumvi iliyompandisha presha. Walimfanya mlafi, na ilimuuma, maana alikwenda vitani akiwa kijana mzima asiyejua hata mafua.

Wazee waliopigana naye hukutana asubuhi kwenye duka la donati, kila mmoja na kofia iliyodariziwa jina la kikosi chake. Hapo ndipo sheria zote za fidia hutungwa, na nyingi ni za uongo. Hakimu mkuu ni Dorsey, ambaye madai yake mwenyewe yalikataliwa.

"Nenda na mkongojo," Dorsey alimwambia. "Wanakuchungulia dirishani ukishuka garini."

"Mkongojo wa nini? Presha inachechemea?"

"Shauri yako. Na vidonge acha kabisa. Ukimeza, mashine itasoma vizuri, watakwambia umepona, kwaheri ya kuonana. Mimi nilimeza kama bwege. Si unaniona nilivyo?"

Verlon alimwona. Tangu siku hiyo akawa anatia kidonge mdomoni mbele ya mkewe Nadine, anashushia maziwa, kisha anakohoa kiganjani. Pipa la taka Nadine hulichungulia, kwa hiyo vidonge aliviweka kwenye upindo wa ndani wa kofia yake. Hakumwambia mkewe neno. Nadine hajui kusema uongo. Daktari angemuuliza swali moja tu, angemwaga mtama wote.

Chumba cha kupimia kilikuwa cha kupanga, ubavuni mwa saluni ya kucha. Verlon aliegesha gari mbali, akaja anachechemea na mkongojo wa marehemu baba yake, Nadine kando yake.

"Mguu umekuwaje tena?" Nadine aliuliza.

"Nyamaza, wanatuangalia."

"Nani? Yule mama anayepakwa rangi?"

Daktari alikuwa mwanamke kijana, jina lake Renfro. "Asante kwa kulitumikia taifa, Bwana Stidham," alisema. Verlon akakaza taya. Anayetaka kukunyima kitu huanza na asante.

Akampima. Akasubiri, akampima tena, akahamia mkono wa pili. Tabasamu likamfutika daktari usoni, na Verlon akafurahi kimoyomoyo. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu Jumapili, lakini yeye alikihesabu kuwa shahidi wake.

"Dawa umemeza leo?"

"Nimemeza."

"Na siku nyingine?"

"Hakosi, daktari," Nadine alidakia. "Namwona kwa macho yangu haya."

"Basi dawa zimeshindwa, presha iko juu mno. Naita gari la wagonjwa sasa hivi."

"Siendi!" Verlon alifoka. "Mnataka nitoke kabla hamjamaliza, halafu mseme nilikimbia!"

"Nimeshamaliza, mzee wangu. Uamuzi si wangu, lakini presha iko kwenye orodha ya magonjwa ya ile sumu. Una presha, unatumia dawa, ulikuwa kule. Hayo yanatosha wakiri. Hata namba ingekuwa ndogo, ni yale yale."

Verlon alitaka kusimama amjibu. Kofia aliyokuwa ameivua ikamponyoka mkono wa kulia, mkono ambao ghafla haukuwa na habari naye, na vidonge vikamwagika sakafuni, vyeupe. Nadine akainama, akaokota kimoja. Alikijua, yeye ndiye huvipanga kwenye kikasha wakitoka kanisani.

"Uidanganye serikali, sawa. Daktari, sawa," alisema. "Mimi nilikukosea nini, Verlon?"

Verlon alifungua mdomo, maneno yakatoka yamepondeka. Daktari alishakimbilia simu.

Hakufa. Serikali nayo ilikiri, kwa ufupi na bila madoido, na Dorsey akatamba dukani kwamba ushauri ule ulikuwa wake. Mkongojo wa baba sasa una kazi kweli, maana baada ya kiharusi upande wa kulia haukurudi wote.

Na kila asubuhi Nadine, mwanamke aliyekuwa akimwamini hata muuza magari mabovu, humpa mumewe kidonge, humsubiri anywe maziwa, kisha huwasha tochi.

"Fungua mdomo," humwambia. "Inua ulimi."

Verlon huinua.