Mashine Iliyonyweshwa kwa Ndoo

Mwezi uliopita nilishuka mtoni hapa Kisangani kumsindikiza mjukuu wangu aliyekuwa anakwenda Isangi. Mashine ilipowashwa, kijana mmoja aliinama ukingoni mwa chombo kuangalia kama maji yanatoka ubavuni. Yalitoka, mkondo mwembamba. Akaridhika, wakaondoka. Mimi nilibaki nimesimama pale, rafiki yangu, miaka ya hamsini ikinirudia yote kwa mara moja, wakati mji bado unaitwa Stanleyville na mimi mtoto wa kike mwenye maswali mengi kuliko nywele.

Papa yangu alikuwa na chombo cha mbao chenye mashine ya dizeli, yeye na mdogo wake, tonton yangu. Walibeba mawese, mihogo, samaki wa moshi, na watu. Sisi ni Waislamu, asili yetu Maniema, na tulikaa mtaa wa Kabondo. Kila papa alipofungua mashine kuisafisha, nilimfuata mtoni kama mkia. Alianza na chujio, kikapu cha waya kilichozuia takataka za mto zisiingie. Nilikimwaga mwenyewe: majani, mchanga, mara nyingine kisamaki kikirukaruka. Kisha alifungua sanduku la kupozea. Ndani mlikuwa na mirija ya shaba, myembamba, imelala pamoja kama matete. Maji ya mto yalipita ndani ya mirija na kutoka ubavuni mwa chombo, maji ya moto ya mashine yakapita nje yake. Kazi yangu ilikuwa kusukuma ujiti wa jani la mchikichi katika kila mrija mpaka tope litoke upande wa pili, halafu kukamua ndimu ili ukoko uachie. Vidole vyangu vilinuka ndimu na dizeli, na mpaka leo harufu hizo mbili nikizipata pamoja nasikia njaa.

“Papa,” nilimuuliza, “mayi ya mto inapoza moto namna gani, na haiigusi?”

“Inapita kando yake pole pole,” alisema. “Kama mama yako akiona nimekasirika.”

Alipenda kusema mashine ni kama mtoto wa homa: usiangalie anavyocheza, mguse paji la uso.

Sasa, ng'ambo ya ua wetu wa matete alikaa jirani, mama mjane aliyepika lotoko, ile pombe kali ya mahindi na mihogo. Serikali ya wakati ule iliikataza, na papa aliikataza kuliko serikali. Hakumsalimia. Nasi watoto tuliambiwa tusivuke ua. Lakini macho hayana mlango. Kupitia matete niliona mvuke ukitoka chunguni, ukapita katika bomba la shaba lililolala ndani ya maji baridi, ukatoka upande wa pili ukidondoka, tone, tone. Nilitaka sana kujua kwa nini. Sikuwa na wa kumuuliza.

Ikafika safari moja ya kurudi kutoka Isangi. Mama alikuwa amenichukua kwenda kununua samaki. Tulipotaka kuondoka, jirani yetu, aliyekuwa amekwenda kumtazama binti yake aliyeolewa kule, akatokea naye. Binti alikuwa na mimba kubwa ya kwanza, miguu imevimba, kichwa kinamuuma mpaka haoni vizuri. Muuguzi wa pale alisema apelekwe upesi hospitali ya Stanleyville. Papa alitazama pembeni. Mama yangu akashuka, akamshika binti mkono na kumpandisha mwenyewe, akamtandikia mkeka. Papa akawasha mashine.

Miaka ile ndipo mmea mpya ulipoingia mtoni, wa maua ya zambarau, mzuri kama kitambaa cha arusi. Watu waliuita kongo ya sika, yaani Kongo mpya. Ulielea kwa visiwa vizima, na tukajikuta katikati yake. Nilikuwa nimelala kifudifudi nikiyashangaa maua, ndipo nikaona ule mkondo wa ubavuni umekatika. Nikapiga kelele. Papa alizima mashine, lakini rangi yake ilikuwa imeshaanza kunuka kuungua. Tonton akatupa kamba kwenye mti wa ukingoni.

Chujio lilijaa mizizi kama nywele za mtu. Wakalisafisha, wakawasha: hakuna maji. Papa akafungua pampu inayovuta maji ya mto. Gurudumu lake la mpira lilikuwa limezunguka kavu, na mabawa yake yote yamekatika. La akiba lilikuwa nyumbani.

“Tungoje bateau,” tonton alisema.

“Meli yenyewe itapita lini?” mama aliuliza. Kwenye mkeka binti alikuwa anaguna, akimshika mama yake nguo.

Jirani aliinuka. Alikuja akainama juu ya mashine, akaitazama mirija kwa muda mrefu.

“Papa,” alisema, “mayi baridi inapita humu ndani?”

Papa akajibu, “Inapita ndani. Ya moto iko inje.”

“Bon. Ya kwangu iko kinyume, lakini kazi ni moja. Na mimi sina pompe. Niko na pipa yulu na mikono yangu. Mayi inashuka yenyewe.”

Nilimwangalia papa usoni. Niliogopa atamfukuza. Akafuta mikono kwa tambara, akasema, “Mama, onyesha.”

Walipandisha pipa tupu la mafuta juu ya paa, wakalitoboa chini, wakaunganisha mpira wa maji mpaka kwenye sanduku la kupozea. Pahali palipovuja jirani alipafunga kwa kipande cha kitenge chake mwenyewe. Papa akawasha, mwendo wa taratibu. Wanawake wote wa chombo, wenye samaki na wenye mihogo, walipanga mstari, ndoo zikapanda kutoka mtoni mpaka paani kwa tonton. Mimi niliwekwa ukingoni, kiganja changu chini ya maji yanayotoka.

“Ikiwa vuguvugu, nyamaza,” jirani aliniambia. “Ikichoma, lia kwa nguvu.”

Nililia mara nyingi. Kila nilipolia ndoo zilikimbia na papa akapunguza mwendo. Waliimba, wakatukanana, wakagawana makemba, ndizi kubwa za kuchoma, bila kuacha mstari. Jua lilikuwa bado juu ya miti tulipofika. Papa alimbeba binti mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha gari. Binti alijifungua hospitalini asubuhi iliyofuata, mtoto wa kiume. Yeye aliugua muda mrefu, lakini akapona.

Tangu siku ile salamu zilivuka ua, na lituma za jirani pia, za ndizi zilizopondwa vizuri. Lotoko papa hakuigusa maisha yake yote. Lakini siku mapolisi walipokuja mtaani kutafuta wapishi wa pombe, jirani alirusha bomba lake juu ya matete. Likaanguka kwetu, katikati ya vyuma vya mashine. Papa hakuinua kichwa. Polisi akachungulia, akauliza hivi vyote ni vya nini.

“Vinapoza moto,” papa alijibu. Na hakusema uongo.

Ua ule haupo tena. Vita vya baada ya uhuru vilitutawanya. Chombo kilizama bila mtu ndani yake, papa akarudi Maniema na kuzikwa huko. Jirani alimfuata binti yake Isangi, na habari zake zikakatika. Yule mtoto, kama yuko hai, ni mzee mwenye mvi sasa. Sijui kama kuna aliyewahi kumwambia kwamba wanawake wasiomjua waliumia viganja siku nzima ili yeye afike.