Minyaa Kwenye Njia ya Kisima

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, enzi za Mwingereza, nilitoka na mtungi kichwani nikakuta njia ya kisima imezibwa kwa ua wa minyaa. Mjukuu wangu, nilikuwa bi harusi mpya, huko vijijini upande wa Urambo, na kisima chenye maji kilikuwa hicho kimoja. Kuzunguka kupitia mbugani ni kurudi jua liko utosini, na hata moto hujawasha.

Aliyeziba ni jirani yetu, Mzee Kasanda, maana njia ilikatiza shamba lake. Nisimwonee: mbuzi wetu walipita humo wakimlia karanga, na mume wangu alikuwa mvivu wa kuwafunga kamba. Sasa mvivu huyohuyo akanoa panga aende akaufyeke ua. Nikamzuia mlangoni. Hasira hasara. Nilikuwa na mimba, na mkunga wa karibu alikuwa mke wa Kasanda.

Nikaenda kwa Mzee Chilewa, Mgogo aliyeletwa kwetu na kazi ya reli. Wagogo ni watani wetu Wanyamwezi, na neno la mtani halikasirikiwi. Zamani za misafara, babu zetu wakipita Ugogo kwenda pwani, babu zake waliwatoza hongo, ndiyo ushuru wa njia na maji. Nilimweleza yote, hata habari za mbuzi. Ukimficha mganga nusu ya ugonjwa, atakupa nusu ya dawa.

Asubuhi Chilewa akatandika ngozi mlangoni kwa Kasanda, akajilaza. Kasanda akatoka na jembe.

"Hapa Ugogo, mtani," Chilewa akamwambia. "Hupiti bila hongo."

"Ondoka, nawahi shamba."

"Babu zangu walitoza, lakini walipitisha. Wewe umeziba kabisa. Sasa Mgogo ni nani hapa?"

Kasanda alijikaza kununa, akashindwa. Alicheka mpaka jembe likamtoka. Mume wangu, aliyekuja na majirani kutazama, naye Chilewa hakumwacha. Alimuuliza mbele ya watu kama kamba za mbuzi huwa anazila. Wakaketi, wakaafikiana: njia ihamie mpakani, upana wa wanawake wawili kupishana na mitungi, na mbuzi wapite wamefungwa. Minyaa iliyoziba wakaing'oa pamoja, wakaipanda kando ya njia mpya kulinda karanga.

Mwanangu, jirani akikuziba njia, uliza kwanza mbuzi wako wamekula nini kwake. Kisha mtafute mtu mnayeweza kucheka naye nyote wawili, kabla hamjapelekana barazani kushtakiana. Mkipatana, itembeeni njia hiyo pamoja, watu waione. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mungu akupe maji ya karibu na jirani wa kukufungulia. Baba yako alizaliwa masika yaliyofuata, na mke wa Kasanda alikuja mbio kunipokelea mtoto, akipita njia ileile mpya.