Mwamshuhudiaje?

Miaka ile ya vita nilikuwa mwalimu, na sikumbuki siku niliyoamka bila uchovu. Asubuhi nilifundisha, mchana nilipanga foleni ya mchele, na baada ya sala ya alasiri nilikwenda kumsomea gazeti tajiri mmoja wa mtaa wetu, hapa Mji wa Kale. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na hakuwa na mke wala watoto. Alikuwa na dada yake tu, mjane, aliyeitazama nyumba na kubeba funguo zote kiunoni. Mama huyu, mwanawe alipokufa mchanga, aliwahi kuninyonyesha mimi mama yangu alipougua. Kwa hiyo nilikuwa mwanawe wa maziwa, na yule tajiri alikuwa mjomba wangu, ingawa yeye aliniita mwalimu.

Alikuwa na nyumba za kupangisha mtaa wa Majengo, safu nzima, na duka la nguo lililoishinda hata vita. Lakini sebule yake ilinichosha kuliko darasa. Humo mlikuwa na kabati la vioo limejaa sahani za kaure zenye maua ya buluu, na mbele ya kabati hilo yeye alikula katika sahani ya bati. Dada yake alikula jikoni, peke yake. Niliwahi kumuuliza sahani zile zinangoja nini.

"Zangoja wageni," akasema.

Nami nilikuwa nimekaa mbele yake kila siku, sijui alidhani mimi ni nani.

Siku hizo magazeti yalijaa habari za Warusi wanavyopigana na Wajerumani. Akaniuliza Warusi ni watu gani hasa. Nilikuwa na kitabu cha hadithi zao za zamani, cha Kiingereza, hakina jalada, nilichokiokoa kwa Muhindi muuza viungo aliyekuwa akikichana kufungia pilipili manga. Nikakileta, nikawa namsomea huku nikitafsiri papo hapo.

"Barafu, mwalimu? Hii ya kuwekea samaki? Wao watembea juu yake?"

"Ndiyo, mjomba."

"Haya, endelea. Watu wana taabu zao."

Hadithi zile zilikuwa na matajiri wengi, na wengi wao walikufa vibaya. Mtu ana jumba, ana farasi, ana watumishi wa kumvua viatu, kisha maradhi yanaingia na anatazama huku na huku haoni pa kushika. Sisi tunasema sanda haina mfuko na kuendelea na shughuli zetu. Warusi wao wanakaa na mgonjwa mpaka mwisho, hawamwachi hata apumue. Mimi zilinichosha, lakini mjomba hakutaka gazeti tena.

Siku moja nilifika mahali tajiri wa hadithi amekata roho, nikatafsiri kwamba waliibeba maiti. Mjomba akainua mkono.

"Hapo juu ulimwita bwana. Mara hii ashakuwa maiti?"

Nikamwambia ndivyo tusemavyo sote. Aliniambia tufunge kitabu siku ile.

Wiki hiyo hiyo akafa hamali aliyekuwa akituletea maji mtaani. Nilimshika mjomba mkono nikampeleka msikitini kumsalia. Kwetu, baada ya sala ya maiti, kabla ya jeneza kuinuliwa, imamu huwageukia watu na kuuliza, "Mwamshuhudiaje maiti huyu?" Nao hujibu kwamba ni mwema. Ni desturi, na watu wengi huijibu kama wanavyojibu salamu. Siku ile hawakujibu kwa mazoea. Walipiga ukelele, "Mwema!" na baadhi yao walikuwa wakilia. Mjomba alinikaza mkono hadi ukaniuma. Tulipofika mlangoni kwake akasimama.

"Yule alikuwa na nini?" akauliza.

"Mti wa mzega begani na madebe mawili ya maji, mjomba."

Akaingia ndani bila kuniaga.

Tulipoanza tena kusoma, yeye mwenyewe alikuwa hawezi kukaa muda mrefu bila mto mgongoni. Nilimsomea hadithi ya mfanyabiashara wa mbao aliyeugua katika jumba lake. Watumishi wananong'ona, madaktari wanakuja na kwenda, na jioni moja anaketi kitandani, anafungua mdomo amwite mtu. Hapo karatasi zikakatika.

"Amwite nani?"

"Kurasa hazipo. Zimekwenda na pilipili manga."

"Nenda kwa Muhindi ukazinunue!"

"Pilipili yake ishaliwa, mjomba." Nilicheka, yeye hakucheka.

Kisha akauliza, "Na kwao huulizana pia, mwamshuhudiaje?"

"Sijaona humu."

"Basi wajuaje?"

"Wajuaje nini?"

"Kama mtu alikuwa mtu."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitaka. "Siku yangu ikifika, wewe usiseme mwema kwa mazoea. Wale wengine nawajua, watajibu kabla hawajaulizwa, wawahi chakula. Wewe fikiri. Ukikosa la kusema, nyamaa."

Nilikasirika, sifichi. Mtu ameishi na watu miaka yote hawaoni, halafu anakuja kumtwika mwalimu aliyechoka mzigo wa kumpima. Nilitaka kumwambia mkono mtupu haulambwi, atafute mwingine. Lakini alikuwa ameshageuza uso, anamwita dada yake.

"Dada! Fungua kabati. Leo twala sote hapa."

Yule mama alisimama akinitazama kana kwamba nimempa nduguye dawa mbaya. Akatafuta ufunguo, akautia, akauzungusha. Hewa ya bahari ilikuwa imekula kufuli zamani. Ufunguo ukakatikia ndani.

Mjomba aliusikia mlio. "Basi," akasema, "leta sinia."

Tukala sote watatu sinia moja ya wali, chini ya sahani zile tusizoweza kuzigusa. Yeye alipapasa kwa vidole, akapata mnofu wa samaki, akausukuma upande wa dada yake. "Kula," akamwambia. Yule mama akasema hana njaa, kisha akaula. Sote tuliona haya.

Haukupita muda akafa.

Mazishi yalijaa watu, wapangaji wake, wafanyabiashara wenzake, na jua la adhuhuri juu yetu. Imamu akageuka. "Mwamshuhudiaje..." Hajamaliza, wakajibu, "Mwema!" na wa mbele wakainama kushika jeneza.

Mimi sikuwa nimefungua mdomo. Niliwafikiria wapangaji aliowatoa nje wakati wa mvua. Niliifikiria sebule ile. Nilitafuta na kutafuta, nikaona vidole vinapapasa sinia, na mnofu ule wa samaki unasukumwa.

"Mwema," nikasema, peke yangu, watu wameshanyamaza. Imamu akanitazama. Wakainua.

Tuliporudi kutoka makaburini, mama yangu yule wa maziwa alikuwa mlangoni ananingoja. Tangu asubuhi alikuwa hajalia, na majirani walikuwa wameanza kumteta.

"Walijibu?" akaniuliza.

"Walijibu, mama."

"Upesi?"

"Upesi."

"Na wewe?"

"Mimi nilichelewa. Nilikuwa nafikiri."

Akaushika mlango kwa mikono miwili, akalia kwa sauti mpaka wanawake wakatoka ndani kumshika.

"Nalikiogopa," alikuwa akisema, "nalikiogopa hatapata hata mmoja."