Kumsikia Chozi

Ulikuwa mlio mwembamba, wiiii, kama kisu kinachoburuzwa kwenye sahani. Mkanda wa mashine ya kusaga ulilia hivyo kwa muda mrefu kabla haujakatika, na watu waliokuwa kwenye foleni waliweka ndoo zao chini wakaziba masikio. Fundi cherehani wa chumba cha pili alitoka nje kutazama kuna nini. Mwenye mashine, aliyekuwa karibu nayo kuliko wote, aliendelea kumimina mahindi huku akimsema mteja aliyeleta nafaka yenye mchanga. Mkanda ulipofyatuka ulimpita shavuni ukapasua glopu ukutani.

"Mbona hamkuniambia?" alifoka, unga umemjaa kwenye nyusi.

"Mama Unga, tumekuita mpaka makoo yametukauka," alijibu mteja.

Tangu siku hiyo nyumbani kwake hapakukalika. Mwanawe mkubwa, fundi umeme, alitaka amwachie yeye mashine na aende kupimwa masikio. Mama Unga alimuuliza kama amesahau ni unga upi uliomsomesha. Mwana akajibu kwa upole, mama hakusikia jibu, akadhani ametukanwa, wakanuniana.

Aliyetafuta suluhu ni mdogo wake Mama Unga, karani wa shule. Kila mwaka mvua zikikatika, dada hawa wawili walikwenda shamba siku chache kutazama ndege kando ya bwawa. Kazi walikuwa wamegawana tangu usichana wao: mkubwa masikio, mdogo macho. Kila safari Mama Unga alisimama, akainua kidole, akasema, "Kushoto, juu," na mdogo wake akaelekeza darubini kushoto juu. Ndege waliyempenda kuliko wote ni chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayefyonza maua, mwenye sauti nyembamba kama uzi unaotafuta tundu la sindano.

Mapatano yakawa haya. Mama Unga akimsikia chozi safari ya mwaka huu, hakuna atakayemgusia tena habari ya masikio wala ya mashine. Asipomsikia, mashine inakwenda kwa mwanawe.

"Chozi?" alisema Mama Unga. "Nitamsikia hata akiwa amefungiwa ndani ya kopo."

Alifika nyumba ya wageni akiwa amekasirika tayari. Godoro lilikuwa na bonde, chai ilikuwa vuguvugu. Mwongozaji wa ndege, mwanamume wa makamo aliyevaa kofia pana, aliwasalimia na kuwaeleza njia watakayopita.

"Huyu mbona ananong'ona kama mwizi?" Mama Unga alimuuliza mdogo wake, kwa sauti iliyowafukuza njiwa paani.

"Dada, anaongea kawaida."

"Na wewe sasa unanong'ona."

Mchana ule walizunguka bwawa lote. Mama Unga alisimama, akainua kidole kama zamani. "Kulia, kwenye matete." Mdogo wake aligeuza darubini kwenye matete. Hapakuwa na kitu. Chozi alikuwa nyuma yao, kwenye ua wa maua mekundu, akiimba mpaka mkia unamtikisika. Mdogo mtu aliendelea kutazama matete kwa sababu hakujua aitazame vipi sura ya dada yake.

"Ameshaondoka," alisema.

"Unaona? Wewe ndiye mzito wa macho."

Jioni, Mama Unga alipokwenda kuoga, mdogo wake alimfuata mwongozaji mlangoni pa jiko. Alijua kwamba waongozaji hubeba milio ya ndege kwenye simu, huipiga ili ndege ajitokeze.

"Kesho itege kichakani, karibu na njia. Ipandishe sauti mpaka mwisho."

Mwongozaji alivua kofia, akajikuna. "Chozi dume akidhani dume mwingine kaingia kwake hukosa raha, dada yangu. Atahangaika asubuhi nzima."

"Mara moja tu. Nakuomba."

Asubuhi walipita njia ileile. Penye kichaka kifupi Mama Unga alisimama ghafla. Mkono ukapanda. Uso wote ukamfunguka kama dirisha.

"Yule pale. Chini, mkono wa kulia. Mnamsikia?"

"Namsikia," alisema mdogo wake, akainua darubini. "Na ninamwona. Ana kifua chekundu."

"Mpigie simu yule fundi umeme wako sasa hivi. Mwambie mama yake ana masikio ya paka." Alicheka, akampiga mwongozaji begani. "Na wewe uliyekuwa unanong'ona, umekwisha."

Mlio ulikatika. Kisha kichaka kikasema, kwa sauti nzito ya mwanamume, "Chozi, dume. Asubuhi, kando ya maji." Mlio ukaanza upya.

Mama Unga aliinama, akasukuma majani kando, akatoka na simu.

"Mama, hii ni njia ya kazi tu," mwongozaji alianza.

"Nyamaza." Alimgeukia mdogo wake. "Na ulimwona. Ana kifua chekundu, eti."

"Dada, nilikuonea huruma."

"Nani alikutuma? Nimekubeba mgongoni mimi. Nimekufundisha kufunga vifungo vya sketi. Leo unanitegea simu kichakani kama ninavyotegea panya wa ghalani." Sauti yake ilipasuka, akaipandisha zaidi. "Ningeshindwa, ningesema mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba nimeshindwa. Umeninyang'anya hata hilo. Ningerudi nyumbani nikitamba, na wewe ungekaa pembeni ukinitazama. Mngenicheka na nani? Na mwanangu?"

"Hakuna ambaye angekucheka."

"Hilo ndilo baya zaidi."

Alibonyeza simu hovyo mpaka ikazimika, akamtupia mwongozaji. Alikuwa ameanza kuondoka, kanga ikiburuzika matopeni, ndipo kitu kikampita mbele ya uso.

Dume la chozi, yule wa kweli, alikuwa amekuja kumtafuta mgeni aliyeingia kwake. Alitua kwenye kijiti kilichokuwa karibu kiasi kwamba Mama Unga angeweza kumfunika kwa kiganja. Manyoya yamemsimama. Aligeuka huku na huku, akaupanua mdomo, na koo lake dogo likaanza kutetema upesi upesi, kama mkanda unaozunguka.

Mama Unga aliutazama ule mdomo uliofunguka. Alimsogelea kidogo, akaelekeza sikio la kulia, kisha la kushoto. Hasira ilibaki usoni lakini haikuwa na pa kwenda. Koo la ndege likatetema tena, na tena.

Mama Unga hakuondoa macho kwenye kijiti. Akauliza, polepole sana, kama mtu asiyetaka kumshtua:

"Anaimba?"