Mama Yangu Yupo Hai, Mimi Ndiye Niliyesema Amekufa

Admin, nifichie jina, na hata ofisi usiitaje. Mimi ni binti wa miaka 25, karani katika ofisi moja hapa Mpanda. Naishi Majengo na mama yangu, anauza dagaa sokoni.

Zamani mama alikuwa mwimbaji. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi, na huko ndiko alikoanza kuimba na bendi. Nyimbo zake zilipigwa redioni, kisha bendi ikavunjika, watu wakamsahau. Leo tuna uraia kamili, cheti kimefungwa kwenye nailoni ndani ya sanduku. Lakini tangu utotoni tulifundishwa: mtu akiuliza kabila, sema sisi ni Waha wa Kigoma. Kirundi tunaongea mlango ukiwa umefungwa. Hata kazini wananijua kama Muha.

Sasa kuna vijana wa Dar wametoa albamu ya nyimbo za zamani, na kadhaa ni za mama. Ghafla kila bodaboda inapiga nyimbo zake. Ofisini tulikuwa tunazisikiliza kwenye simu, mwenzangu akasoma maelezo, akasema, "Kumbe huyu mama ni mkimbizi! Ndiyo maana analia hivi, anadai mgao wa mahindi!" Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Wiki hiyohiyo wawili kati ya wale vijana wa albamu wakafika ofisini kuulizia, wakaelekezwa kwenye meza yangu. Wakataja jina la mama la kisanii. "Dada, tunamtafuta huyu, yule Mrundi. Tumesikia yuko Mpanda. Tunataka apande jukwaani tena." Walisema kwa sauti, nikaona wenzangu wameinua vichwa. Nilichojibu hata sikukifikiria: "Huyo alishafariki." Wakanipa pole, wakaniachia namba yao na yangu wakaichukua.

Juzi tukiwa jikoni redio ikapiga wimbo wake, mtangazaji akasema "marehemu". Mama alikuwa anachambua dagaa. Akacheka mpaka akashika mbavu. "We! Wamenizika na hata wali wa msiba sijaonja!" Halafu akaanza kuufuatisha ule wimbo, kiitikio chake cha Kirundi, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia humu ndani. Mimi nikainuka nikafunga dirisha.

Akaniangalia, akaacha kuimba. Baadaye akasema taratibu, "Mwanangu, wewe ndiye msomi. Watafute hao watu wa albamu, uwaambie nipo." Hajauliza ni nani aliyewaambia amekufa. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Nikamjibu, "Sawa mama." Lakini leo asubuhi wamenipigia wao. Wanakuja Jumamosi na shada la maua, wanataka niwaonyeshe kaburi.

Nikisema ukweli, ofisini wote watajua nilidanganya kabila langu na kifo cha mzazi wangu. Na mama atajua kwamba nilimuonea aibu. Jamani, nyie mnaosoma hapa, nitukaneni tu, nastahili, ila mniambie: kwa mama nianzie wapi? Muda huu yupo ndani, ananyoosha kitenge chake kipya. Anasubiri niwapigie.