Fuwele za dada yangu ziligeuka njano ndani ya kikapu cha viazi

Wakuu, habari za saa hizi. Humu mimi ni msomaji tu. Nimeishia darasa la saba na naandika polepole, mnivumilie. Haya nimeyaona mwenyewe, sijaongeza kitu.

Naishi na dada yangu hapa Area D. Yeye anasoma kemia chuoni.

Asubuhi ya kuwaonyesha walimu utafiti wake, akasahau kichupa nyumbani. Ndani kuna chembe za kijani, anaziita fuwele. Akapiga simu: "Niletee hicho kichupa pamoja na viazi vyangu vya chai. Kisivunjike! Na usifungue, zikipata unyevu zimekwisha."

Viazi vitamu nilikuwa ndiyo naepua. Nikaona pahali laini pa kukilaza kichupa ni katikati ya viazi. Nikafunika kitenge, nikapanda bodaboda.

Getini nikachungulia.

Njano tupu!

Wakuu, nikakichomoa haraka. Kazi ya dada ya miezi mingi nimeipika.

Nikataka kumwachia mlinzi kikapu nikimbie. Kuongea na watu kwangu ni shida. Nikakaa kivulini na kichupa mkononi, nawaza nitasema nini.

Kikapoa. Kutazama tena, kijani inarudi! Nikakiweka chini haraka, naogopa hata kukigusa.

Dada akaja anahema. "Umeme umekatika, birika haliwaki. Bila maji ya moto sina cha kuwaonyesha."

Kichupa kilishakuwa kijani kabisa. Ningenyamaza asingejua.

"Dada, kiligeuka njano. Nilikiweka kwenye viazi."

Akanikazia macho. "Bado vya moto?"

"Vya katikati."

Akanivuta mpaka ndani. Mbele ya walimu akapasua kiazi, mvuke ukatoka, akakizika kichupa. Mimi nimeshika kikapu.

Kikatoka njano. Walimu wakasogeza viti.

Akaeleza kwamba ndani ya fuwele kuna chumvi ya shaba na kitu kingine chenye kaboni, vimeshikana kwa vifungo vya haidrojeni. Joto likizidi vifungo vinalegea, shaba inabadili umbo na rangi. Zikipoa vinakaza tena.

Mwalimu mmoja akauliza, "Na viazi vinaliwa?"

"Hapana Mwalimu, leo ni vifaa vya maabara."

Wakacheka. Dada akafaulu.

Nilichojifunza: ukiharibu kitu, sema hapo hapo, hata kwa sauti ndogo. Ningekimbia pale getini, viazi vingeliwa na mlinzi na dada angebaki mikono mitupu.

Wenye kemia yenu, nielezeni zaidi. Taratibu tu, hata kusoma nasoma polepole.